Kibao cha Ndeshi na Misumari Mitatu

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani ile ya sungura kumdanganya fisi. Ni zamani ya juzi tu, pikipiki zilikuwa zimeshakuja na mimi nilikuwa bado na meno yangu yote. Kaeni vizuri. Hadithi hii mwishoni nitawaachia nyinyi, na asiyesikiliza mwanzo asije akapiga kelele mwisho.

Palikuwa na kiwanja kinaitwa Majivuni, chini ya mlima, ambako udongo ni mweusi na mwepesi. Kiangazi unaingia puani, masika unageuka uji. Hapo ndipo watoto walikuwa wanashindana kwa pikipiki za kuruka matuta. Watoto, ndiyo, wa miaka tisa, kumi, kumi na miwili, wamevaa helmeti kubwa na mabuti yanayofika magotini. Mimi nilikuwa nauza chai na vitumbua langoni. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mengine niliyaona, mengine niliyasikia, maana mtu akishika kikombe cha chai husahau kuwa muuzaji ana masikio.

Majivuni palikuwa na desturi moja. Kila pikipiki ina kibao cha namba, kile cha plastiki kinachokaa mbele ya usukani. Mtoto akishinda mbio kubwa ya mwaka, anakifungua kibao chake kwa mkono wake mwenyewe, hakioshi, anakwenda kukitundika kwa mtu mmoja anayeona ndiye aliyemshindisha. Mtu mmoja, si wawili. Kibao hakikatwi. Na lazima kitundikwe siku ileile, tope lake likiwa bado bichi. Walioanzisha kiwanja walisema tope likikauka, mtoto ataanza kusikiliza maneno ya watu.

Na msidhani ni pambo. Anayepewa kibao anaitwa mshika mbele. Mwaka mzima unaofuata, yeye peke yake ndiye anayegusa mbele ya pikipiki ya yule mtoto: usukani, gurudumu, na hasa shokapu, ile miguu miwili yenye springi inayopokea mshindo. Wengine wote mikono nyuma, hata baba mzazi. Anayejua pikipiki anaelewa uzito wa jambo hilo. Nyuma ikikosewa, mtoto anaumia makalio. Mbele ikikosewa, mtoto anavunjika mkono, na siku mbaya ni shingo.

Basi palikuwa na binti anaitwa Ndeshi, miaka kumi na mmoja, kilo thelathini na nne ukimpima na mabuti yake. Alikuwa analelewa na shangazi yake, Aikande, mshonaji wa nguo, mwanamke wa maneno machache na vidole vyenye akili. Mjomba wake Ndeshi alimletea pikipiki ya mtumba, namba kumi na saba. Pikipiki ilikuwa nzuri, ila mtoto aliyekuwa nayo huko ilikotoka alikuwa bonge, na springi za shokapu za mbele ziliwekwa kwa ajili ya uzito wake. Ndeshi akipanda, mbele haishuki. Akiruka tuta na kutua, shokapu haipunguzi kitu. Mshindo wote unapanda mikononi, unaingia mabegani, unatokea kwenye meno.

Shangazi akaisukuma pikipiki mpaka kwa Fundi Mbwambo.

Huyu Fundi Mbwambo karakana yake ilikuwa ng'ambo ya kiwanja. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ametengeneza karibu kila pikipiki iliyoshinda pale. Lakini watoto hupenda kuwapa vibao baba zao. Mwaka wake wa kwanza alipigilia msumari ukutani, juu ya meza ya kazi, akisubiri kibao. Msumari ukashika kutu. Fundi alikuwa anasema haumuumi, na alikuwa analisema hilo mara nyingi mno.

Fundi hakuanza na spana. Alimwambia Ndeshi avae kila kitu, kisha akamwomba shangazi uzi. Shangazi hakosi uzi, akatoa mwekundu. Fundi akaufunga kwenye bomba linalong'aa la shokapu, akausogeza mpaka ukagusa sili, yaani ule mpira wa mdomoni unaozuia oili isitoke na tope lisiingie. Akasema, "Nenda, zunguka mara tatu, usijihurumie." Ndeshi akaenda, akarudi. Uzi ulikuwa umesukumwa nusu ya njia tu.

"Mmeona," fundi akasema. "Ameruka kote kule, shokapu imetumia nusu ya safari yake. Nusu nyingine mtoto ameibeba kwa mikono."

Akafungua miguu yote miwili ya shokapu. Akamwaga oili ya zamani, nyeusi, inanuka samaki. Akatafuta springi laini, akazipata kwenye pikipiki ndogo iliyokufa. Akatia oili mpya kwa bomba la sindano, huku na huku sawasawa. Akafunga. Ndeshi akazunguka, uzi ukasema bado. Akafungua tena. Ndeshi akazunguka, uzi ukasema bado. Akafungua tena. Wiki tatu alifanya hivyo, mara tano kwa jumla, mpaka siku moja uzi ukasukumwa na kusimama kidole kimoja kabla ya mwisho. Hapo ndipo panapotakiwa, shokapu itumie njia yake yote lakini isigonge mwisho. Ndeshi alishuka kwenye pikipiki akiwa anacheka peke yake. Alisema siku hiyo ndiyo aliyojua kuwa kutua hakuumi.

Sasa fundi akawapa kanuni mbili. Ya kwanza ilikuwa ya shangazi. Kila baada ya mazoezi, ashushe ile kofia ya vumbi inayofunika sili, apitishe kitu chembamba chini ya mdomo wa sili, azungushe pole pole, atoe mchanga ulioingia. Mchanga ukibaki, unakata sili. Sili ikikatika, oili inavuja. Oili ikivuja, inashuka kwenye breki ya mbele, na mtoto akiishika breki haimshiki. "Lakini si plastiki ya chupa," fundi akasema. "Hiyo itakwaruza. Tafuta mkanda wa negativu, zile za picha za zamani. Ni mwembamba na una adabu."

Siku hizi nani ana negativu? Shangazi hakuuliza. Kesho yake alikuja na mkanda, ameukata pembe zikawa duara. Kutoka siku hiyo, Ndeshi akimaliza mazoezi, shangazi anapiga magoti kwenye tope na mkanda wake na kitambaa. Mvua, yupo. Jua, yupo. Ana gauni la bi harusi la kumaliza, yupo. Miezi minne, na sili zile hazikutoa hata tone.

Kanuni ya pili ilikuwa ya watu wote, na fundi aliiandika kwa rangi mlangoni kwake: SUKUMA KWANZA, KAZA BAADAYE. Maana yake ni hii. Ukitoa gurudumu la mbele na kulirudisha, kaza nati kubwa ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, kisha ishushe pikipiki chini, shika breki, isukume mbele ishuke na kupanda mara nne. Mguu wa shokapu utajitafutia mahali pake. Ndipo ukaze zile boliti ndogo za chini. Ukikaza boliti kabla ya kusukuma, miguu miwili inavutana. Kwa macho huoni kitu, lakini shokapu imebanwa, na kazi yote ya springi na oili imekwenda na maji.

Kuna jambo moja zaidi, halafu tuingie siku yenyewe. Wakati fulani shangazi aliona boliti imelegea, akachukua spana akaikaza mwenyewe, akaikaza kupita kiasi mpaka ikakatika. Fundi akamwambia mbele ya watu, "Mama, kila mkono na kazi yake. Mkono wa cherehani usiguse spana." Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, na leo najuta. Shangazi akashika mkanda wake na kitambaa chake, na mdomo akaufunga.

Ikafika siku ya mbio kubwa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, kiwanja chote uji. Asubuhi gurudumu la mbele la namba kumi na saba likakutwa na mwiba. Fundi Mbwambo alikuwa na pikipiki sita zinamsubiri, na wazazi sita wanamwita kwa wakati mmoja. Akalitoa gurudumu, akaziba pancha, akalirudisha. Akapitisha ekseli, akakaza nati kubwa. Na pikipiki ikiwa bado juu ya stendi, gurudumu linaning'inia, akakaza boliti ndogo zote nne.

"Tayari," akasema. "Anayefuata."

Hakusukuma. Kanuni yake mwenyewe, rangi yake mwenyewe, mlango wake mwenyewe.

Watu wawili waliona. Wa kwanza ni shangazi. Alikuwa amepiga magoti palepale na kitambaa chake. Alifungua mdomo, akakumbuka kicheko, akajiambia pengine fundi atasukuma baadaye, fundi ni fundi. Akaufunga.

Wa pili ni Baba Saruni. Huyu alikuwa dereva wa lori, na mwanawe Saruni ndiye aliyekuwa bingwa wa mwaka uliopita. Kibao cha Saruni kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari ubavuni mwa lori la baba yake, kimezunguka nchi nzima. Baba Saruni alikuwa amesimama mezani kwangu, hatua chache tu kutoka kwa fundi. Nilikiona kikombe chake kikisimama njiani kabla ya kufika mdomoni. Kisha akanywa. Kisha akaagiza kitumbua cha pili. Sikujua ameona nini, mimi najua vitumbua.

Mchujo ukapigwa. Watoto kumi na wanane, wanaopita ni sita. Saruni akawa wa kwanza. Ndeshi akawa wa sita, kwa bahati tu, maana aliyekuwa mbele yake alianguka. Aliporudi hakuweza kufungua mkanda wa helmeti yake. Vidole vilikuwa havimtii.

"Shangazi, mbele imerudi kuwa ngumu," akasema. "Kama siku za kwanza."

Fundi akaja mbio. Uzi mwekundu ulikuwepo palepale kwenye bomba, umesukumwa nusu. Fundi akautazama. Akasema, "Tope. Leo tope linabana kila kitu." Akazungusha skrubu ya juu, tik, tik, ili shokapu ilegee kidogo. Sasa mtu aliyebanwa miguu, ukimlegezea kofia utamsaidia nini? Yule yule aliyetufundisha kuuamini uzi, uzi ulimwambia na hakuuamini.

"Fundi," shangazi akaanza, "asubuhi wakati unakaza..."

"Mama, baadaye, naitwa kule."

Akaondoka. Shangazi akabaki na neno lake.

Nilimpa Ndeshi chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, na chai ikamwagika yote kwenye mabuti yake kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka. Baba Saruni alikuwa anamtazama. Zilikuwa zimebaki dakika kama kumi. Akaweka kikombe chake mezani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa spana.

"Dada Aikande, naomba niguse."

Shangazi akasogea pembeni.

Baba Saruni akalegeza boliti nne. Akaishusha pikipiki. Akashika breki, akasukuma mara moja, akasukuma mara mbili, akasukuma mara tatu, na hapo sote tukasikia tak, mguu wa shokapu umerudi mahali pake. Akasukuma mara ya nne. Akakaza. Kazi yote haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Jaribu."

Ndeshi akaegemea usukani. Mbele ikashuka, ikapanda, taratibu.

"Asante, Baba Saruni."

"Usinishukuru. Nimechelewa."

Akarudi kwa mwanawe. Saruni alikuwa ameshakaa juu ya pikipiki, ameona yote. "Umemfanyia nini?" akauliza. "Nimemlegezea," baba akajibu. "Kwani yeye ni nani yako?"

Fainali ikaanza. Mizunguko minane. Saruni akatoka mbele, Ndeshi akawa wa nne. Kila walipofika kwenye yale matuta saba yaliyofuatana, wenzake walikuwa wanapunguza mwendo, kwa sababu mbele zilikuwa zinawarukaruka. Ndeshi hakupunguza. Gurudumu lake lilikuwa linameza tuta moja baada ya jingine. Akawa wa tatu. Akawa wa pili. Mzunguko wa mwisho akaingia kwenye matuta nyuma ya Saruni, akatoka ubavuni mwake, na kwenye kona akashika breki ya mbele, breki kavu isiyo na tone la oili, ikamshika. Saruni ya kwake akaishika mapema. Ndeshi akavuka mstari akiwa wa kwanza, kwa urefu wa gurudumu moja.

Tulipiga vigelegele. Na Saruni akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye lori la baba yake, akakitoa kibao chake cha mwaka jana kwenye msumari, akakitupa nyuma ya kiti. Hakulia. Hakusema na mtu.

Ndeshi akafungua kibao namba kumi na saba. Akakishika kifuani, tope linamchuruzika. Wakamfuata watatu, fundi, shangazi na Baba Saruni, mpaka mezani kwangu, kwa sababu ndipo palipokuwa na benchi.

Fundi Mbwambo akasema, "Kibao ni changu, mwanangu. Pikipiki hii ilipokuja haikuwa yako, ilikuwa ya mtoto mwingine. Nani aliifanya yako? Mara tano nimefungua shokapu, mara tano nimefunga. Bila springi zile, Baba Saruni huyu angesukuma mara mia, ingekuwa ngumu vilevile. Na shangazi yako naye angesafisha sili za shokapu isiyofanya kazi."

Shangazi akasema, "Na nani aliibana leo asubuhi?"

Fundi alikuwa amesikia tu kwamba Baba Saruni amesukuma. Hakuwa anajua kuwa aliyeibana ni yeye mwenyewe. Alimtazama Baba Saruni, na Baba Saruni akaitikia kwa kichwa. Fundi akakaa kwenye benchi. Uso wake ulikuwa mbaya kuutazama.

"Nilikosea," akasema. "Kinyozi hajinyoi. Lakini kosa la asubuhi moja linafuta wiki tatu?"

Shangazi Aikande akasema, "Kibao ni changu. Fundi alifanya wiki tatu akaondoka. Huyu alifanya dakika moja. Mimi nimefanya miezi minne, kila siku. Ile kona ya mwisho Ndeshi alishinda kwa breki, na breki ilikuwa kavu kwa sababu yangu." Kisha akatoa mkanda wake mfukoni, umechakaa, umejaa mistari. "Ndeshi, hujawahi kuniuliza nimeutoa wapi. Picha ya bibi yako iliyokuwa juu ya cherehani ililiwa na mchwa. Kilichobaki ni hii negativu. Nilikuwa nasubiri kuipeleka mjini nisafishiwe picha nyingine. Fundi alisema plastiki ya chupa itakwaruza, nikaikata hii."

Ndeshi akauchukua mkanda, akauinua kwenye mwanga. Palikuwa na bega, na kipande cha kilemba. Uso ulikuwa umeshafutika.

Hapo hata mimi nilijifanya natafuta sukari.

"Pole, Dada Aikande," Baba Saruni akasema. "Lakini uliona asubuhi. Ulikuwa karibu kuliko mimi. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Nilinyamaza," shangazi akasema. "Nilinyamazishwa, nikazoea. Na wewe je? Uliona na hakuna aliyekunyamazisha."

Baba Saruni akasema, "Kibao ni changu, na nitasema kwa nini. Fundi alitengeneza kwa sababu ndiyo kazi yake. Wewe ulisafisha kwa sababu ni damu yako. Mimi huyu mtoto si wangu, na kazi hiyo si yangu. Nilijua nikitoa ile spana natoa kibao kwenye lori langu. Nikaitoa. Mwanangu sasa hasemi na mimi. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni ndiye mimi."

"Mgeni alikula vitumbua viwili kwanza," nikasema. Samahani, lilinitoka.

"Kweli," akasema. "Niliona kabla ya mchujo, nikanyamaza mpaka mwanangu apite. Nilitaka Ndeshi aondolewe mapema, yaishe. Nilipoona mikono yake, sikuweza. Kawia ufike."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," fundi akasema pale kwenye benchi. "Mtoto angevunjika kwenye huo mchujo wako."

"Angevunjika kwa boliti zako."

Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na kila mmoja alikuwa ameambiwa kweli.

Ndeshi alikuwa amesimama katikati yao. Hakuwa mtoto wa kuongea. Akawauliza swali moja, lilelile kwa kila mmoja. Alisema, "Mwakani, mbele ya pikipiki yangu ikiwa na kosa, mtaniambia saa ngapi?"

Fundi Mbwambo akasema, "Nikiliona, palepale."

"Na kama kosa ni lako?"

Fundi akafikiri. "La kwangu ndilo nisiloliona," akasema.

Shangazi akasema, "Nitakuambia kabla hujavaa helmeti."

"Hata watu wakicheka?"

Shangazi akatazama vidole vyake. "Nitajaribu. Ila kuona nitaona, kufungua shokapu siwezi. Na wewe unakua. Springi hizi mwakani zitakuwa laini kwako."

Baba Saruni akasema, "Nitakuambia. Leo nimekuambia."

"Baada ya mchujo."

"Baada ya mchujo," akakubali. "Na mwakani Saruni atakuwa mstarini tena, siwezi kukuficha."

Basi. Mnaona alivyokuwa. Ng'ambo ya kiwanja, juu ya meza ya kazi, kuna msumari wenye kutu ambao haujawahi kubeba kitu. Juu ya cherehani kuna msumari uliokuwa umebeba picha ya bibi. Ubavuni mwa lori kuna msumari ambao Saruni ameuacha wazi kwa mkono wake. Misumari mitatu, kibao kimoja, na kibao hakikatwi. Akikipeleka kwa fundi, anaweka mikono yake kwa mtu anayejua kila kitu isipokuwa kosa lake. Akikipeleka kwa shangazi, anaiweka kwa mtu anayeona kila kitu lakini spana hajui kuishika, na sauti yake haina uhakika. Akikipeleka kwa Baba Saruni, anaiweka kwa mtu mwenye spana na macho, na mwenye mtoto wake kwenye mstari uleule. Na wale wawili atakaowaacha, mmoja analala naye nyumba moja, au mmoja atazeeka na ukuta mtupu, au mmoja atapanda lori na mwanawe asiyesema naye, safari nzima bila kibao cha kumwonyesha kuwa alichofanya kilikuwa na maana.

Jua lilikuwa limetoka. Niliona tope la kibao linaanza kuwa jeupe pembeni. Ndeshi akakibana kwapani, akauweka ule mkanda mfukoni mwake, akaanza kutembea. Alikokwenda nakujua, maana nilimtazama mpaka mwisho. Lakini sitawaambia, kwa sababu nikiwaambia mtasema alikosea, na nyinyi hamkuwa mmeshika kile kikombe kilichomwagika.

Sasa semeni nyinyi, mmoja mmoja, na anayejibu aseme na sababu. Fundi aliyeitengeneza akaibana, shangazi aliyeitunza akanyamaza, au mgeni aliyeiokoa akachelewa: je, nani alistahili? Na mtoto angekuwa wako, tope ndiyo hilo linakauka, ungemwambia aende kwenye msumari upi?